Mwenyeji wa Meza ya Baba

Jumapili, 6 Julai 2025

Ko-ko. Mwiko wa mama juu ya kifuniko cha sufuria kubwa. Mara mbili tu, halafu kimya. Bado naisikia sauti hiyo kila Jumapili, kabla hata ya kengele ya kanisa.

Wanawake wote wa kanisa letu waliijua maana yake: wageni wameketi, maji ya kunawa na chakula vitoke. Kabla ya hapo hata kijiko hakitoki jikoni. Mama hakupaza sauti maishani mwake. Alikuwa mke wa mchungaji, Mama Kanisa, na alitawala kwa mwiko.

Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike, na mwiko ninao mimi. Nilirudi Voi kuandika tasnifu yangu, nikajikuta naandika asubuhi na kukaribisha wageni jioni. Leo walikuja wazee kutoka Rukanga. Niligonga. Sahani zikatoka zimepangana kama kwaya. Baba akanitazama kutoka upande wa pili wa meza, akaniitikia kwa kichwa. Nimeridhika mpaka naona haya.

Upepo umevuma kutwa. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye chumvi.

Jumanne, 8 Julai

Kurasa nne! Sura ya pili inakwenda. Tasnifu yenyewe: wake za marais kama wenyeji rasmi. Watu hucheka nikiwaambia. Loise wa jirani, shemasi, aliniuliza kama serikali kweli imenipa digrii kwa kusoma habari za wanawake wanaopakua chakula. Nikamwambia ndiyo, na bado nadai nyingine. Akacheka mpaka akashika uzio.

Lakini ni kweli. Hakuna katiba iliyomtaja mwanamke huyu, hana mshahara, hakupigiwa kura — na bado asipokuwepo ikulu inahangaika. Rais mgane hutafuta dada, binti, mpwa, yeyote wa kusimama mlangoni. Leo nilikuwa na Rais Arthur wa Marekani. Mkewe alifariki kabla hajashika madaraka. Dada yake akaja kumsaidia kupokea wageni, lakini Arthur hakukubali kumpa mtu yeyote nafasi rasmi ya marehemu. Kila siku aliagiza maua yawekwe mbele ya picha yake.

Nilisoma hapo mara kadhaa. Kisha nikaenda kupangusa picha ya mama sebuleni, ingawa haikuwa na vumbi. Vema, ilikuwa na vumbi. Hapa kila kitu kina vumbi.

Ijumaa, 11 Julai

Mkutano wa akina mama kupanga chakula cha Jumapili. Wageni kutoka Taveta, pamoja na mzee Josephat, ambaye maombi yake ni marefu kuliko mahubiri. Nilisoma mpango wangu: wali, kuku, chapati, muthokoi kwa wazee wetu Wakamba ambao mahindi yaliyokobolewa wakiyakosa watasema hawakula. Wote wakakubali. Napenda dakika hiyo. Mtu asinisikie, lakini naipenda.

Syombua alikuwepo. Ndiye fundi anayeshona sare za kwaya, duka lake liko karibu na soko. Ana umri wa miaka arobaini na kitu, hakuolewa, anaishi na wazazi wake Mbololo. Anacheka kwa sauti kubwa. Alipotoka, Loise akanong'ona kwamba siku hizi makoti ya mchungaji yanatoka vifungo kila wiki. Wengine wakaguna na kuangalia miguu yao.

Sikuuliza. Koti la baba lina vifungo vyote, nimeangalia.

Jumapili, 13 Julai

Siku mbaya. Niandike upesi, kisha nilale.

Wageni waliketi. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, akaniuliza ninasoma nini, nami — nani hunifanyia hivyo? — nikavuta kiti nikaanza kumweleza. Dolley Madison, mke wa Rais Madison, karamu za Jumatano, jinsi wapinzani wa siasa walivyokutana kwenye sebule yake. Mwalimu anauliza, mimi najibu. Mwiko uko mapajani mwangu.

Nilisahau kugonga!

Na kule jikoni hakuna aliyethubutu. Wanawake kumi wamesimama na sahani mikononi, chapati zinapoa, kila mmoja anamtazama mwenzake, kwa sababu mama aliwafunza hivyo miaka ishirini. Wageni nao wamenyamaza kwa adabu. Mwishowe mzee Josephat akasimama, akashukuru kwa ushirika mzuri, akafumba macho aanze sala ya kufunga. Alidhani hakuna chakula! Alidhani tumewaita kutoka Taveta waje wakae tu!

Hapo pazia la jikoni likafunguka, Syombua akatoka na birika na beseni. "Mzee, sala hiyo iweke, utaihitaji ukishashiba. Lete mikono." Watu wakacheka. Nyuma yake chakula kikafuata chote.

Na mimi nikasema, mbele ya watu wote: "Nani amekuruhusu?"

Kicheko kikakatika. Syombua alimaliza kumnawisha mzee, akamfuta mikono kwa taulo, akaweka beseni chini. Alitoka kupitia mlango wa nyuma.

Baba hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake.

Jumatatu, 14 Julai

Sikuandika neno. Nimefua mapazia yote.

Jumatano, 16 Julai

Baba alikuja jikoni baada ya chai. Hakukaa kwenye kiti. Alichukua kigoda akakaa chini yangu, magoti yamefika kidevuni. Mtu mzima na kola yake ya uchungaji.

"Mwaitu," akasema.

Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na mimi ni Kasiva kwa sababu mama yake alikuwa Kasiva. Kwetu anayebeba jina hubeba na heshima yake. Nikiwa mdogo alikuwa akiniomba ruhusa ya kwenda safari, nami nampa au namnyima, watu wanacheka. Leo hakuna aliyecheka.

Akasema ana neno. Akasema ni Syombua. Nikasema nilishajua, na haikuwa kweli kabisa, wala haikuwa uongo. Kisha akaeleza kwamba mwanamume wa kwao hapeleki mbuzi wa ntheo, wale watatu wa kuonyesha kwamba sasa ni mchumba wa kweli, bila mama yake kuridhia. Mama huchagua mbuzi. Mama yake baba alifariki zamani.

"Sasa mama niliyebaki naye ni wewe."

"Na nikikataa?"

"Nitakuwa nimekatazwa na mama. Nitakunywa chai yangu, ninyamaze."

"Baba, hiyo si haki."

"Najua, Mwaitu. Lakini siwezi kumwoa mtu halafu wewe ukawa mgeni katika nyumba hii. Afadhali nikae hivi hivi."

Nikamwambia anipe muda. Akainuka kwa kushika ukingo wa meza, magoti yanamsumbua. Alipofika mlangoni akageuka: "Na yale maneno ya Jumapili, mama yangu asingeyasema." Hakusema kwa ukali. Afadhali angegomba.

Sijui mama yake angesema nini. Sikumjua. Nina jina tu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempigia msimamizi wangu, Daktari Tryphena. Nilitaka kuzungumzia sura ya tatu, sauti ikanisaliti, nikamwambia yote. Alisikiliza. Kisha — ndivyo alivyo — akarudi kwenye kazi. Akasema rasimu yangu ina pengo kubwa: nimeandika vizuri jinsi mabinti hawa walivyoingia kwenye nafasi ya mama zao, lakini hakuna mahali nilipoandika walivyotoka.

"Waliondoka vipi, Kasiva? Au ulidhani waliganda pale mlangoni?"

Nikafungua maandishi yangu. Letitia, binti wa Rais Tyler, aliwapokea wageni kwa muda mfupi baada ya mama yake kufa na mke wa kaka yake kuondoka. Kisha baba akaoa msichana wa rika lake Letitia. Letitia hakumkubali, hawakupatana maisha yao yote. Margaret, binti wa Rais Wilson, naye alipokea wageni mama yake alipofariki. Baba alipooa tena, yeye akashika uimbaji wake, akaenda kuwaimbia askari wakati wa vita.

Kwenye rasimu nimempa Letitia kurasa tatu na Margaret mstari mmoja. Eti Letitia ndiye "wa kuvutia kihistoria". Nimeyaandika mwenyewe maneno hayo! Mwezi wa tano, kabla sijajua lolote.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikwenda dukani kwa Syombua. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yamepangwa vizuri, yana utangulizi. Nilimkuta amepiga magoti anapinda upindo wa joho la kwaya, pini mdomoni, na Mbithe mwimbaji amesimama juu ya meza kama sanamu. Mbithe akaniona akasema, "Haya, serikali imefika." Syombua akamchoma kidogo kwa pini. Nina hakika alikusudia.

Mbithe alipoondoka nikaanza utangulizi wangu. Sikufika mbali.

"Kasiva, umekula?"

Nikasema niko sawa. Akasema hakuuliza hivyo. Akanionyesha kiti, akatoa bakuli kwenye kapu, muthokoi wa kunde, mboga pembeni. Akaniletea maji, akanimiminia mikono. Akasimama mpaka nikaanza kula, ndipo akarudi kwenye cherehani yake.

Na hapo — ajabu — nikaacha kutafuna. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alininawisha mikono. Nyumbani nakula wageni wakishaondoka, nimesimama, kutoka kwenye sufuria. Mama pia. Sijawahi, sijawahi kumwona mama akiwa ameketi kwenye meza ile na sahani imejaa. Nimeandika kurasa tisini juu ya wanawake hawa, na sikujiuliza walikula saa ngapi!

Nikamwambia pole ya Jumapili. Pole ya kawaida, bila utangulizi.

"Nilikasirika," akasema, mashine inakimbia. "Nilifika Mbololo nimekasirika, mama yangu akadhani nimeibiwa. Lakini wewe, nilikusubiri. Nilimwambia Loise tukusubiri. Nilipomwona Josephat amefumba macho ndipo nikasema, leo aibu hii itafika Taveta kabla ya wageni."

Tulicheka. Kisha nikamwambia, kwa ile adabu yangu ya kijinga, kwamba mwiko wa mama nitampa siku ikifika.

Akasimamisha mashine.

"Siutaki. Ule ni wa mama yako na ni wako. Mimi nina mwiko wangu, na mimi naita watu kwa mdomo. Wakitaka wazoee, wasipotaka wabaki na njaa." Akakata uzi kwa meno. "Na sitakula nimesimama. Mwambie baba yako ajue mapema."

Akaniongezea. Nilimaliza bakuli la pili.

Nimerudi kwa miguu, jua linashuka nyuma ya milima, mwili mwepesi. Sijui kama nampenda. Naogopa kidogo kicheko chake katika nyumba yetu asubuhi. Lakini nilikula nimeketi.

Jumatatu, 21 Julai

Margaret sasa ana kurasa mbili. Letitia amepunguzwa.

Baba hajauliza. Anakunywa chai yake, anasema asante, anakwenda. Ananipisha mlangoni kama mtu anayempisha mama yake. Siwezi kuvumilia wiki nyingine ya kupishwa.

Jumanne, 22 Julai

Baba aliondoka alfajiri kwenda Rukanga kwenye mazishi. Dakika ile pikipiki ilipopotea nikafunga kompyuta na kwenda Maungu.

Musyimi, binamu ya baba, anafuga huko. Nilimwambia nataka mbuzi watatu wa ntheo. Akauliza bwana harusi ni nani. Nikasema, mwanangu. Alinitazama, akatazama barabara kana kwamba atapita mtu wa kumsaidia. Kisha ikamwingia. Alikaa juu ya jiwe akacheka mpaka akalia, akasema shangazi yake marehemu Kasiva alikuwa hivi hivi, hakuchaguliwa mbuzi na mtu, aliwafungua midomo akahesabu meno.

Basi nami nikawafungua midomo. Sikujua natafuta nini, lakini nilitazama kwa makini sana. Nikamkataa mmoja mwenye macho ya ujanja. Musyimi akasema huyo ndiye angekuwa bora. Nikasema mama ameshakataa. Akainua mikono.

Walisafiri nyuma ya pikapu, mimi mbele, kamba ya beberu imepita dirishani, nimeishika mkononi mpaka Voi. Loise alikuwa uani. "Kasiva! Kwani tasnifu imekushinda, unafungua bucha?" Nikamjibu kwamba Jumamosi avae vizuri, tunakwenda Mbololo. Alidondosha nguo aliyokuwa akianika. Nadhani hadi sasa kanisa lote linajua, isipokuwa mchungaji.

Nimewafunga nyuma ya jikoni, kwenye nguzo ya tangi. Nimewanywesha kwa beseni lile lile la Josephat. Mmoja ameshakula waridi alilopanda mama, lote, mpaka shina. Nilisimama nikasubiri moyo uniume. Uliuma kidogo. Litachipua, nimelimwagia maji.

Mwiko nimeutundika sebuleni, kwenye msumari chini ya picha ya mama.

Baba amepiga simu, wamepita Maungu, anauliza kama kuna mgeni leo. Nikasema hakuna. Beberu akalia karibu sana na dirisha. Baba akauliza, hiyo ni nini? Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata!

Sasa nasikia pikipiki inakata kona ya kanisa. Mbuzi wote watatu wanalia kwa pamoja, siwezi kuwanyamazisha — na chai sijaweka motoni.