Waya Uliokatwa kwa Kisu cha Samaki

Jumatatu, 9 Septemba
Umeme umekatika tena. Naandika makala kwa mkono, kama kawaida. Kwenye nguzo ya kona yetu nyaya zimefungwa vipande vya mpira wa baiskeli, na kila mtu anaona huo ni ufundi. Mji wa shaba. Tunachimba shaba kwa ajili ya dunia nzima na hatujui kuivika nguo.

Mhariri ananituma chuoni. Kuna mwanakemia aliyetengeneza plastiki inayojiponya. Nazijua hizo ajabu. Huanza na projekta, huisha na semina.

Jumanne, 10 Septemba
Daktari Ngalula. Kijana bado, viatu vya vumbi, hana projekta. Ganda la waya wake ni plastiki laini iliyochanganywa na unga wa madini. Ndani yake kuna vifungo vidogo; vikikatwa, vikagusana tena na kupata joto, vinajifunga upya. Ufa unaziba, umeme hautoroki. Ndivyo asemavyo. Anataka kuuweka kwenye zahanati ya uzazi ya mtaa wetu, ambako waya wa ukutani hutoa cheche kila mvua ikinyesha. Alhamisi ya wiki ijayo baraza la kitivo litaamua kama atabaki na maabara yake.

Nilimwambia siamini. Hakubishana. Alinipa kipande cha waya.

"Papa, mukate mwenyewe. Mukamatanishe, muweke ku jua siku moja."

Kiburi hicho nilikipenda. Sikumwambia.

Jumatano, 11 Septemba
Nimekata saa sita, jikoni. Mke wangu, Mama Serge, alikuwa anatengeneza samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani. Nilichukua kisu chake, nikakata ganda hadi kwenye shaba, nikalibana, nikaliweka dirishani. Akasema nimerudia utoto.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimeukunja. Ufa umefunguka kama mdomo. Nilicheka peke yangu. Makala imeandikwa kwa saa moja.

Ijumaa, 13 Septemba
Imetoka. Sentensi nzuri kuliko zote: "Plastiki hii inajiponya kama sisi tunavyojijenga: kwa hotuba." Watu wananipigia simu wakicheka.

Ngalula naye alipiga. Swali moja tu.

"Papa, mulikatia na kisu gani?"

Nilijibu kwamba kisu ni kisu. Akakata simu.

Jumatatu, 16 Septemba
Maprofesa ambao hawajasoma kitu tangu watetee tasnifu zao wamenisoma mimi. Makala yangu imebandikwa mlangoni kwa katibu wa kitivo. Alhamisi watamnyang'anya maabara, na zahanati itabaki na waya wake wa cheche. Miaka yote nimewadharau watu hawa. Sasa wananinukuu.

Jioni Mama Serge alikuwa anafuta meza yangu. Aliinua ule waya.

"Papa Serge, mbona waya yako iko inanuka samaki?"

Nilikaa chini. Mafuta ya samaki, yaliyokuwa kwenye kisu. Fundi baiskeli wa kona, ambaye nimemdhihaki mara ngapi, hasahau kamwe kukwangua na kufuta mpira kabla ya kupaka gundi. Hakuna kinachoshikana juu ya mafuta. Yeye anajua. Mimi, mwenye rafu tatu za vitabu, sikujua.

Mpumbavu mwenye kalamu.

Jumanne, 17 Septemba
Wembe mpya, bado kwenye karatasi yake. Nimenawa mikono mara mbili. Nimekata ncha ya pili ya waya uleule, nikabana, nikaweka dirishani. Jua kali. Sikuandika kitu kingine.

Jumatano, 18 Septemba
Nimekunja. Nimevuta. Nimejaribu kwa meno. Haufunguki.

Nimepeleka masahihisho. Mhariri hataki: gazeti likikiri kosa, eti, wasomaji wataanza kutafuta mengine. Na wayatafute. Nimemwambia asipoyachapa kesho asubuhi, asitegemee tena mstari wangu hata mmoja. Mwoga. Atayachapa.

Alhamisi, 19 Septemba
Yamechapwa, ukurasa wa mwisho, chini.

Nilikwenda kitivoni na waya mfukoni. Niliwasomea masahihisho yangu, nikiwa nimesimama. Mwenyekiti aliuliza kama naumwa. Kisha waya ukaenda mkono kwa mkono, kila mmoja akiukunja. Wamemwachia maabara. Atafunga waya wake zahanati kabla ya mvua.

Kwenye korido nilimwomba Ngalula msamaha. Alichukua waya, akapitisha kidole kwenye ncha iliyoshikana. Akaugeuza, akanusa ile nyingine.

"Samaki ya Pweto?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Akautia mfukoni mwa koti lake jeupe, akarudi kazini.