Leso ya Tatu ya Idi

Cardiff. Jumapili, ishirini na sita Ramadhani, 1995.

Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba ya huku, isiyonyesha ikaisha. Nimeshinda na saumu. Kichwa chaniuma, lakini si kwa njaa.

Jana nilikwenda kununua vitu vya Idi. Tuseme nilikwenda kujidanganya. Niliingia duka la Myemeni karibu na kituo cha treni, nikachukua tambi, iliki na tende. Sikubishania bei, sikunusa kitu, hakuna aliyeniambia karibu. Kisha nikapita mtaa wa maduka makubwa. Madirishani wameshapanga mayai ya chokoleti ya sikukuu yao. Nilitafuta kitambaa cha kujitanda, chochote chenye rangi, nikatoka na skafu ya kijivu ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipoifungua chumbani niliiona ya kuendea msibani.

Kwetu Bofu, kule Likoni, kumi hili la mwisho la Ramadhani lilikuwa na siku yake. Mama, mdogo wangu Mwanaidi na mimi tulivuka feri baada ya adhuhuri, midomo mikavu kwa saumu, tukenda mjini kwenye maduka ya leso za kujitanda. Mama hakununua leso iliyotundikwa nje. Alisema hiyo jua limeshaila. Alimtaka muuzaji ashushe za ndani, akazikunjua, akaniwekea moja shavuni, kisha akamwekea Mwanaidi, akarudi nyuma hatua kututazama. Pengine tulizunguka maduka mpaka alasiri ndipo aridhike. Siku zote alichukua tatu za namna moja. Siku ya Idi tulitoka sote watatu tumejitanda sare, na majirani walikuwa wakingoja kuona mwaka huu kachagua rangi gani.

Huu ni mwaka wa tano sijaenda.

Kila Ramadhani nampigia mama anisimulie. Nyumbani hakuna simu, kwa hiyo hupatana siku, yeye na Mwanaidi wakaningoja dukani kwa jirani yetu Mzee Bakari. Leo ndiyo ilikuwa siku yetu. Sikutaka mengi. Nilitaka kusikia walikwenda duka gani, jua lilikuwaje, mama kabishana na nani.

"Tulikwenda jana," mama akaniambia, sauti imechangamka. "Miguu yaniuma mpaka saa hizi. Lakini leso tumepata, mwanangu. Za zambarau, na maua madogo madogo. Tatu. Yangu, ya Mwanaidi, na ya mwenzio."

"Mwenzangu nani, mama?"

Nikasikia mtu pale dukani akiomba robo ya sukari.

"Athumani hajakwambia?"

Athumani ni mume wangu. Alirudi Likoni mwezi wa kumi na moja kwenda kumalizia nyumba yetu pale Bofu. Mimi nafua mashuka ya hospitali huku, yeye kazi ilikuwa imekwisha, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aende asimamie mafundi. Baadaye akasema babake mgonjwa, atakaa mpaka Idi ipite. Nimemwombea baba yule kila sala.

Kumbe alioa mwezi wa Rajabu. Msichana wa Mtongwe, jina lake Rukia. Harusi ilikuwa ya watu wachache, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Alipika.

"Alituambia mmekubaliana," mama akasema. "Kwamba umeridhia, ila hupendi kutajiwa."

"Na wewe hukuniuliza."

"Niliogopa kukutonesha, mwanangu."

Mwanaidi akampokea simu. Yeye hakujisingizia kwamba hakujua. Alikuwa akijua tangu posa. Nikamuuliza kwa nini ameniandikia barua mbili tangu wakati ule na zote ni habari za mvua na bei ya samaki.

"Dada, mambo kama haya yaandikwa vipi?" akasema. Kisha, polepole, kama amfundishaye mtoto: "Rukia si mtu mbaya. Mama alipolazwa na homa, yeye ndiye aliyekaa naye hospitali. Wewe uko mbali. Tulihitaji mtu."

Tulihitaji mtu.

Hata kulazwa kwa mama nimekusikia leo.

Athumani najua pa kumweka. Mwanamume aliyenidanganya, basi, jina lake ni hilo. Ninaloshindwa kulimeza ni lile duka. Mama amesimama mlangoni penye mwanga, leso imekunjuliwa, shavu si langu. Amerudi nyuma hatua, akatazama, akasema hii yakupendeza. Na wakavuka feri kurudi wote watatu, nyayo zikiwauma, wakicheka. Hakuna hata mmoja aliyenipokonya kitu kwa ubaya. Walijaza nafasi tu.

Kabla ya magharibi simu ya ukumbini ikalia. Alikuwa Athumani. Mwanaidi hakukawia kumpelekea habari.

"Ningekwambia baada ya Idi," akasema. "Sikutaka kukuharibia sikukuu."

Nilikuwa na maneno mengi. Likatoka moja. "Mnakaa wapi?"

Akakohoa. "Pale Bofu. Nyumba ingekaa tupu bure."

Nyumba ile nilichagua mwenyewe rangi ya milango, kwa barua. Sijapata kuufungua hata mmoja.

"Nakuja, Athumani," nikamwambia. "Sigombani na Rukia. Huenda naye aliambiwa nimeridhia. Lakini kiwanja kina jina langu, na nikifika nataka nikute nyumba wazi."

"Wataka tuhame siku za Idi?"

"Baada ya Idi. Sitaki kuwaharibia sikukuu."

Nikaweka simu. Jua lilikuwa limeshatua, nami nimesahau. Nilifuturu kwa tende nne nimesimama dirishani, sijui ladha yake.

Sijalia bado. Nadhani nangoja niwe na mtu wa kulia mbele yake, na wote ninaowajua ndio hao walionificha.

Kesho nitamwomba msimamizi likizo, kisha niulizie tikiti. Kwa Athumani najua nitakwenda kusema nini, na kadhi yupo. Mwanaidi nitamwacha aanze yeye kusema. Mama ndiye simwezi. Nimejaribu kuiona siku hiyo, mimi na mzigo wangu pale uani, yeye anatoka jikoni. Shikamoo itatoka, huo ni ulimi tu, umezoea. Ataitika marahaba, atanyoosha mikono yake.

Mimi yangu nitaipeleka wapi?