Mliniaga Ninyi, Mimi Sikuaga

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na mkwe wangu na wajukuu zangu. Yule mdogo ameacha kunyonya kidole? Na kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia, au bado unajifanya daktari wa nafsi yako? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, nalala. Goti la kushoto tu ndilo linanuna kukiwa na baridi, nami nimelizoea kama mtu anavyomzoea wifi mkorofi.

Najua Jumamosi ulisimama kituoni ukaliangalia basi likishusha abiria wote mpaka wa mwisho, na mimi simo. Najua pia umepiga simu hadi vidole vikauma. Sikupokea, na nilifanya makusudi. Kwenye simu wewe una mbio, nikisema neno moja unanirudishia kumi, kisha unamaliza na "basi Mama, tumekubaliana." Barua haikatizwi. Kaa chini, mwombe mwenzako akupe chai, usome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilivyoanguka kule chumba cha kufulia cha hospitali, mkokoteni wa mashuka mabichi ukaniangukia kiwikoni. Ulikuja siku ileile, shati halijapigwa pasi, ukakaa kando ya kitanda umenishika mkono kama mimi ndiye mtoto. Ukasema yatosha. Ukasema umri wa kustaafu ndio huo unabisha hodi, nifungashe nije kwako, chumba kipo. Nikanyamaza. Wewe ukadhani nimekubali. Mwanangu, mimi nikinyamaza huwa nafikiri.

Nilichofikiri ni hiki. Kuchoka nimechoka, sikatai. Mashuka ya wodi nzima yakitoka majini ni mzigo wa punda, na mimi upunda nimeumaliza. Lakini kukunja nakunja, na viraka nashona. Kati ya kubeba kila kitu na kutobeba chochote pana nafasi kubwa tu, na hapo ndipo nilipotaka kukaa.

Basi nikaenda kwa meneja wetu, yule kijana mwenye miwani asiyeweza kukalia kiti bila kukizungusha. Nikamwomba kwamba umri wangu ukitimia asinikate kama uzi, anipunguze. Nifanye asubuhi tu, kukunja na kushona, nisinyanyue mzigo. Mchana ashike shoga yangu Pasi Moto, ambaye unajua tulimpa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake wala si kazi yake, naye miaka imemfikia kama mimi. Vikongwe wawili, nafasi moja. Meneja akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema utaratibu huo upo, ila hapo kwetu hakuna aliyewahi kuuomba, na kwamba vijana anaowaajiri wanakimbia kabla hawajajua sabuni inakaa wapi. Akaniambia nitulie, atalishughulikia. Nikatulia.

Haukupita muda nikaitwa kantini. Niliambiwa ni kikao. Kufungua mlango, naona maputo! Naona kiti kimetandikwa kitambaa cheupe, tena kitambaa nilichokifua kwa mikono yangu wiki hiyohiyo, na keki kubwa yenye maua ya sukari. Wakaanza kusimama mmoja mmoja kunisifu. Muuguzi mkuu akasema nilikuwa mvumilivu. Nilikuwa! Mpishi akasema hawatanisahau kamwe. Walinisifu hata nikajipapasa uso, nihakikishe sijafunikwa shuka. Nikamtazama meneja, meneja akatazama dari. Pasi Moto akaninong'oneza niipindue meza. Nikamwambia keki haina kosa. Nilikuwa nimepigwa na butwaa, na mwenye butwaa asishike maikrofoni. Nikala vipande viwili, nikaisifu keki, nikawashukuru, nikabebewa zawadi yangu, sanduku la magurudumu, hadi nyumbani.

Jioni ile ukanipigia kunipongeza, ukasema tiketi ya basi la Jumamosi ya wiki inayofuata umeshakata. Hata sikujiuliza habari zilikufikiaje upesi hivyo.

Jumatatu nikavaa sare yangu, nikaenda kazini.

Mlinzi wa getini akanishangaa. "Mama, si tulikuaga Ijumaa?"

Nikamwambia, "Mliniaga ninyi. Mimi sikuaga."

Akafikiri kidogo, akafungua geti huku akicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikaingia, nikafunga aproni, nikasimama kwenye meza ya kukunjia. Wenzangu wakatazamana. Kisha mmoja akanisogezea rundo la foronya, nami nikaanza.

Meneja alipokuja aliganda mlangoni kama aliyeona mzuka. Akasema kwa sauti ya upole kwamba mtu akishaagwa ameagwa. Nikamjibu kwamba niliomba jambo, nikaambiwa nisubiri jibu, na keki si jibu. Wala sikuacha kukunja. Hapo Pasi Moto akapaza sauti kuzishinda mashine: kama mimi natoka, naye anatoka, na hao vijana wake wakimbizi warudi wamkunjie mashuka. Hakuna aliyecheka. Mikono ya watu wote ilikuwa imesimama; kilichozunguka ni mashine tu.

Akanichukua ofisini, akafunga mlango. Kiti chake siku hiyo hakikuzunguka. Na hapa, mwanangu, weka kikombe chini.

Aliniambia ombi langu lilikuwa limeshakubaliwa, tena kabla ya ile sherehe. Aliniambia kuna mtu alimfuata kuulizia kustaafu kwangu, akaambiwa habari za ombi hilo, akamsihi alifute kimyakimya. Mtu huyo alisema mama yake ni mkaidi, akiambiwa atabisha, lakini akiagwa mbele za watu ataona haya kurudi. Kisha akainama, akasema keki pia aliilipia mtu huyo.

Keki niliyoisifu, kumbe umeinunua wewe.

Sikulia. Machozi yalitaka kutoka, hasira ikayatangulia mlangoni. Nikamwuliza yule kijana: siku naajiriwa hapa, hakuna aliyemwita mama yangu aulizwe kama anaridhia, iweje siku ya kuniondoa aulizwe mwanangu? Akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. Akaniomba radhi, tena radhi ya kweli, maana hakuisindikiza na "lakini". Kabla ya saa ya chakula mimi na Pasi Moto tulikuwa tumeshatia saini mikataba yetu ya nusu siku.

Sasa nisikilize wewe. Sisemi ulifanya kwa ubaya. Ulikiona kiwiko changu kilivyovimba, ukaogopa. Hofu hiyo naijua kuliko unavyodhani. Uliposomea umeme ukaanza kupanda nguzo, mimi kila upepo ukivuma nilikuwa nasikia simu ikilia hata kama hailii. Je, nilikwenda kwa bosi wako nikamwomba akuteremshe? Nilinyamaza nikakaa na hofu yangu, kwa kuwa ilikuwa yangu, haikuwa yako. Nawe sasa kaa na yako. Ni nzito, ndiyo, lakini ndiyo bei ya kumpenda mtu ambaye bado ana miguu.

Siku yangu ya kwanza kutoka saa sita mchana nilisimama nje ya geti nisijue mguu upi utangulie. Miaka yote hii nilikuwa sijui mtaa wetu unavyofanana jua likiwa utosini. Fundi viatu amehamia upande wa pili na mimi sina habari! Nikanunua ndizi, nikala huku natembea kama mwanafunzi mtoro. Nilipofika nyumbani nikanyoosha goti kitandani, nalo kwa mara ya kwanza likaninyamazia. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kwamba nahitaji kupumzika. Ulikosea kudhani mapumziko ni kuzimwa kama taa.

Chumba mlichonipakia rangi msikifunge. Nitakuja likizo, nitawadekeza wajukuu wasitawalike, kisha nitarudi kwangu. Siku nitakayoamua kuacha kazi kabisa, na siku hiyo ipo, utaisikia kutoka kinywani mwangu, na wa kwanza kuisikia utakuwa wewe.

Mkwe wangu mpe mkono. Wajukuu wabusu, wakikukimbia washike kwa nguvu. Pasi Moto anakusalimu. Salamu zake nimezipunguza makali kabla ya kuziandika. Na ukiona huwezi kulala bila kuja kunigombeza, karibu sana, nyumba ni yako. Ila uje mchana. Asubuhi niko kazini.

Ni mimi,
mama yako mzazi.