Kitanda cha Pili

3 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, natumaini wewe na mama hamjambo. Kwaya yetu imechaguliwa kuimba kwenye kongamano la makanisa mwisho wa mwezi, na mwalimu wake ni mimi. Suti zote nimezishona mwenyewe. Watu wa besi wanalalamika eti zinabana. Nimewaambia wapunguze matumbo. Askofu alinishika mkono akasema ana hamu ya kuisikia sauti yangu. Mwambie mama.

Mdogo wako,
Kinanda

11 Machi

Kinanda mdogo wangu,

Hatujambo kidogo. Barua yako nimemsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza imetoka kwa nani. Siku hizi ni hivyo. Hata kumeza anasahau. Namkalisha, namshika kidevu, namwambia "meza, mama," kijiko kimoja kimoja, mlo mmoja saa nzima.

Nami tumbo linanisumbua tangu Krismasi. Daktari kaona uvimbe, atanipasua tarehe ishirini na tano. Nitalazwa wiki tatu. Jirani ataweza siku mbili tatu tu, ana watoto wake. Sina mtu mwingine ila wewe. Njoo.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Pole sana. Umenishtua, ila hiyo ndiyo wiki ya kongamano. Watu arobaini wananitegemea, nikiondoka kila kitu kitaharibika. Daktari hawezi kusogeza tarehe? Mwombe vizuri. Kwaya nzima inawaombea.

Mdogo wako

24 Machi

Dada yangu,

Hujambo? Hujanijibu, na sikulaumu.

Jana mchungaji alihubiri jinsi Bwana alivyojifunga taulo kiunoni akawaosha wanafunzi miguu, huku akijua kesho yake anauawa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele nanyoosha tai, nikisubiri amalize tuimbe. Akasema, "Siku ile alikuwa na kila sababu ya kujifikiria mwenyewe." Tukasimama. Ubeti wangu ulipofika nilifungua mdomo, nikamwona mama na kile kijiko. Sauti haikutoka. Mwimbaji mmoja wa nyuma akaudaka ubeti, akauimba hadi mwisho, wala hakuna kilichoharibika. Hilo liliniuma, dada, nisikufiche.

Baada ya ibada nilibaki peke yangu, nikapiga magoti, nikamwambia Mungu ukweli: nimekuwa nikiimba jina lake huku nikisikiliza sauti yangu. Kwaya nimemwachia yule wa nyuma. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, mimi naja na la kesho. Nisamehe.

Mdogo wako

6 Aprili

Dada mpendwa,

Unaendeleaje? Jirani anasema umetoka salama chumba cha upasuaji. Natamani kuja kukuona, lakini mama nitamwacha na nani?

Siku ya kwanza alipaliwa na supu, nikalia kuliko yeye. Sasa tumefika vijiko kumi na viwili. Hanijui. Ananiita muuguzi. Juzi aliniambia, "Una mikono mizuri wewe. Mwanangu Kinanda ana sauti tu." Nilitaka kumwambia, ni mimi, mama. Lakini alikuwa ametulia, kinywa wazi, anasubiri kijiko. Nikamlisha.

Usidhani nimekuwa malaika. Jana nilimfokea kwa sababu ya shuka, kisha nikaenda kulifua huku naomba toba. Unarudi lini?

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mama. Muuguzi wa hapa wodini ndiye anayeniandikia, sina nguvu za kushika kalamu. Walinifungua tumbo wakalifunga vilevile. Uvimbe umeshika hadi ini. Wanasema hakuna cha kufanya, nirudi nyumbani. Gari la hospitali litanileta Ijumaa.

Siji kukupokea kazi. Nakuja kulala, na wewe utakuwa na wagonjwa wawili. Ukiona huwezi, nitakuelewa. Zungumza na mchungaji, watu wa kanisa watutafutie mahali pa kutunzwa. Naogopa.

Dada yako

16 Aprili

Dada yangu,

Leo sijui hata nikusalimu vipi. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikapiga magoti hapohapo. Nilimwomba Mungu akuondolee. Niliomba hadi maneno yakaniishia. Nilipoinuka hakuna kilichokuwa kimebadilika, na mama alikuwa anataka maji. Nilichoomba mwishoni ni nisikimbie tu, maana najijua.

Mahali hawatatafuta. Mahali ni hapa.

Alasiri nimeazima kitanda kwa jirani, nikakiweka chumbani kwa mama, kando ya chake, upande wa dirisha, ili mtazamane. Mama akaniuliza ni cha nani. Nikamwambia, "Cha binti yako. Anaumwa." Sijui alielewa nini. Alijisogeza hadi ukingoni, akanyoosha mkono, akapapasa godoro tupu. "Atasikia baridi huyu," akasema. Akalivuta blanketi lake kutoka miguuni, akanipa.

Nimelitandika. Njoo.

Mdogo wako