Kompyuta Iliyofukizwa Uunsi

Galbet, Garissa
Jumamosi asubuhi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umeachia? Usinijibu kupitia kwa Mama, anakufichia. Mimi ni mzima, joto tu ndilo tunagombana nalo, na chai ya maziwa ya ngamia nimeizoea hadi ya Voi nitaiona maji.

Wiki hii nilikuwa taabani. Kiofisi chetu cha uchapaji ndicho kinachowachapia walimu wakuu majina ya watoto watakaofanya mtihani wa darasa la nane. Nilishayaingiza yote kwenye kompyuta, na walimu wakarudi makwao na karatasi zao za mkono, wengine hadi Hulugho, mbali kule mpakani. Jumatatu orodha ilikuwa ipande basi la Nairobi. Nikawasha mashine, kioo cheusi. Bosi akasema mwisho ni basi la Alhamisi. Baada ya hapo hakuna jina litakalopokewa.

Nikaanza kama ulivyonifundisha kwenye redio: kwanza umeme, halafu nyaya, bisibisi mwisho. Soketi ilikuwa nzima, maana taa ya meza iliwaka palepale. Kebo ya kioo nikaichomoa nikairudisha. Feni inazunguka, kisha pii, pii, pii. Kwa nini milio mitatu? Nikazima na kuwasha mara kumi, na kila mara mitatu. Hapo hofu ikapungua, nikataka kujua tu. Nikampigia simu mwalimu wangu wa kompyuta kule Mombasa. "Hiyo ni kumbukumbu," akasema. "Fungua. Gusa chuma cha kasha kwanza, halafu toa vile vibao vidogo uvisafishe meno."

Jumatano nikafungua. Baba, harufu! Nilitegemea vumbi, nikakuta utando wa kahawia unaonata, unanukia kama chumba cha bibi arusi. Nikamgeukia Mama Halima, mhudumu wetu wa chai. Kila asubuhi huchoma uunsi, udi wao Wasomali, kukaribisha wageni, na chetezo chake hukaa chini ya meza yangu.

"Mama Halima, kwa nini chetezo kinakaa hapa siku zote?"

"Si huyo mashine ametoka mbali? Mgeni lazima anukie fizuri." Kisha akashika mdomo. "Wallahi, mimi nimeua yeye?"

Nilicheka, halafu nikaona macho yake nikaacha. Feni ilikuwa ikivuta ule moshi pamoja na vumbi la mji huu, miezi mingapi sijui. Nikachomoa vibao, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli hadi yakang'aa, nikavirudisha mpaka vikasema tak. Nikawasha. Mlio mmoja! Kioo kikaanza kuhesabu kumbukumbu zake, na majina yote yalikuwemo. Nililia, sioni haya kukuambia. Mama Halima alipiga vigelegele hadi wenye duka la jirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Chetezo sasa kiko mlangoni.

Karatasi inaniishia. Nisalimie Mama, dada Zawadi na cherehani yake, na Mjomba Mwakio mwenye mbuzi watoro. Lakini nimebakiza jambo moja makusudi.

Alhamisi, kabla sijaanza kuchapisha, aliingia mzee mmoja mfugaji, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa siku mbili juu ya lori kutoka Hulugho. Awali alimkatalia mwalimu asiandike jina la binti yake Fardosa, kwa kuwa walikuwa wanahama na mifugo na mikono yake ilihitajika. Msichana hakubishana, alifunga tu vitabu vyake kwa kamba, na mzee akashindwa kulala.

"Wamesema karatasi ilienda Jumatatu," akaniambia. "Nimechelewa, sindiyo?"

"Haijaenda, adeer," nikamjibu. Adeer ndivyo tunavyowaita wazee hapa.

Nikaliandika jina. Yeye hajui kusoma, akaniuliza ni lipi la kwake. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya kioo, chini ya Fardosa, na hakukiondoa mpaka printa ilipomaliza ukurasa wa mwisho.

Mimi mwanao akupendaye,
Rehema