Reli ya Kwenda Njombe

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimenunua treni! Ya kuchezea, ya umeme, mtumba, ilikuwa chini ya gunia la midoli sokoni hapa Makambako. Kichwa kimoja, mabehewa manne, reli vipande ishirini na sita, swichi moja ya kubadilisha njia. Idda kanitazama kama nimeleta mke wa pili. Eti Lenard, miaka thelathini umebadilisha njia za treni stesheni, umestaafu, bado hujashiba? Sijashiba.

Jumatano, 4 Juni
Siku mbili nachora tu. Mduara mtupu ni wa watoto. Mimi nataka stesheni: njia kuu, na njia ya pembeni ya kuegesha mabehewa ya mahindi na mbao. Nimeweka kona ya kushoto, papo hapo ya kulia. Kichwa kikaruka chini ya kochi. Mara tatu! Na meza ya chakula ni fupi. Tumekula tumepakata sahani.

Ijumaa, 6 Juni
Balaa. Idda kampigia simu Alois! Kaka yangu, seremala, yuko Njombe, kilomita sitini tu, na hatujaongea tangu mazishi ya mama. Miaka minne. Kesho anakuja kutengeneza meza ya treni. Nimemuuliza Idda, mafundi wa Makambako wamekufa wote? Kasema wapo, ila hawana kichwa kigumu cha kupambana na changu.

Jumamosi, 7 Juni
Kaja. Salamu ya kwetu, "Kamwene," basi. Meza kaiunga kwa saa mbili, imara kama altare. Kisha kachukua penseli yangu! Kona mbili za kupingana zikifuatana treni lazima ianguke, kasema, weka kipande kilichonyooka katikati. Nikaweka. Ikapita. Nilitamani ianguke.
Ila tumecheka. Mlima alioutengeneza kwa magazeti ni tumbo la padri wetu kabisa.
Kalala hapa, kwenye kochi.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Misa ndefu, Roho Mtakatifu hana haraka. Tuliporudi, ikabaki kuamua swichi ipeleke wapi. Mimi: njia ya mabehewa. Alois: tawi la kwenda Njombe.
"Njombe hakuna reli," nikamwambia.
"Ndiyo maana hukuja kumzika mama?"
Idda akakumbuka mboga, akakimbilia jikoni.
Nikatoa jibu langu la siku zote: kazini walininyima ruhusa.
Akaweka penseli chini. "Nani alikunyima? Nitajie jina. Nimchukie yeye, nikuache wewe."
Nikasema naenda kutafuta miwani. Niko chumbani. Miwani ninayo usoni.

Hakuna mtu aliyeninyima. Ruhusa sikuomba. Nilikaa stendi na suti yangu, mabasi matatu ya Njombe yakaondoka, mimi natazama. Sikuweza kumwona mama ndani ya jeneza. Hata Idda hajui.

Alois hajaondoka. Namsikia anapiga randa mguu wa meza usio na kosa lolote. Idda anamwambia shemeji, ugali unapoa. Anajibu atakula na mdogo wake.
Randa imenyamaza. Viatu vyake koridoni. Anagonga — chumba cha mtu na mke wake, seremala hana adabu!
Nimemwambia ingia, kaka. Funga mlango. Kaa hapo kitandani, nikutajie hilo jina —