Njia ya Ng'ombe Mlangoni kwa Mama

Mama, shikamoo.

Nyumba yako ya kijiji kipya imepangwa mdomoni mwa njia ya ng'ombe wanaokwenda mtoni. Jana alinithibitishia msimamizi wa chumba cha kompyuta hapa Dar es Salaam, na ramani nimeiona mwenyewe. Nimeripoti mafuriko na ajali za treni, lakini hii ni ya nyumbani kwetu. Ndiyo maana habari imetangulia kukujulia hali. Goti lako linaendeleaje? Mimi kikohozi kimekwisha.

Nilikwenda kuandika juu ya kompyuta hiyo, mashine inayogawa viwanja vya vijiji vya ujamaa. Wanaoiandikia maagizo ni wawili, Bi. Rehema na Ndugu Mhando, na hutaniana kama watani msibani. Rehema anashika nadharia kwamba jamii ni mwili, kila kiungo kina kazi yake. Mkulima ana mabua, mfugaji ana samadi na maziwa, basi wakae jirani. Mhando anashika ile ya kwamba jamii ni mvutano. Kabla ya kuwapanga watu, uliza nani wanagombea maji yaleyale, na nani ana nguvu.

"Wewe hata harusi utaipeleka mahakamani," Rehema alimwambia.

"Na wewe, dada, watu wakipigana utasema wanacheza ngoma."

Nikamuuliza Rehema alijuaje kwamba wakulima na wafugaji wetu wanapatana. Kumbe alipita huko baada ya mavuno, akakusikia ukimwita mfugaji wetu Baba Saning'o alete ng'ombe wale mabua. Akaiandikia mashine kwamba ndivyo mnavyoishi. Msimu hakuutaja, ndipo mashine ikakuweka njiani mwa ng'ombe.

"Na mahindi yakiwa mabichi?" nikauliza.

Rehema akaivuta ramani karibu. "Si wanawachunga ng'ombe wao?"

"Wakiwa na kiu, wanapita popote."

Mhando akacheka, akanionyesha mpango wake: uzio kutoka Kilosa kuelekea Mikumi, wafugaji ng'ambo.

"Na samadi itaruka?" Rehema akamuuliza. Mhando akaukunja mpango wake.

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, Mama. Mmoja hakuuliza lini mnagombana, mwingine hakuuliza lini mnafaana, na ramani imeshatoka.

Msimamizi anasema hesabu ya mashine hairudiwi kwa maneno ya mwandishi wa habari. Lakini mpimaji wa viwanja anaruhusiwa kuhamisha vigingi wanakijiji wakikubaliana mbele yake. Ukienda peke yako, atakuona mkulima mgomvi. Nenda na Baba Saning'o. Yeye aonyeshe ng'ombe wapite wapi mahindi yakiwa shambani, nawe useme shamba unawafungulia lini wale mabua.

Barua hii nampa gadi wa treni, atamwachia shangazi anayeuza vitumbua stesheni. Msalimie, pamoja na mjomba fundi baiskeli. Baba Saning'o mwambie namwamkia, na ya kwamba safari hii wewe ndiye unayemhitaji kabla ya mavuno.

Mpimaji anaanza kupigilia vigingi Jumatano asubuhi, kwenye kisima cha zamani.

Mwanao,
Shabani